Bwana Nyama na Mwenye Dungu: Ulinzi wa Wanyama wa Mwitu katika Nchi ya Masasi na Newala

Katika Kiswahili cha karne ya kumi na tisa neno nyama lilikuwa na maana mbili: kiumbe mwenyewe akiwa hai mwituni, na kile kiliwacho baada ya kuchinjwa kwake. Kamusi za wakati ule zaonyesha maana zote mbili, na ingawa baadaye mnyama alitengwa na nyama kwa kiambishi chake, maana ile ya kale haikupotea upesi. Basi Serikali ya Kiingereza ilipoanzisha idara ya kulinda wanyama wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na watu wakamwita ofisa wake Bwana Nyama, jina hilo lilisikika kwa masikio mawili. Ofisini lilikuwa jina la mlinzi wa wanyama; kijijini lilikuwa pia jina la mtu mwenye amri juu ya kitoweo. Habari za ulinzi wa wanyama katika Masasi na Newala zafahamika vizuri zaidi zikisikilizwa kwa masikio hayo mawili. Sheria, tangu zamani za Wadachi, imeuliza ni nani aruhusiwe kuua mnyama. Mkulima ameuliza ni nani atakayelinda shamba. Maswali hayo si mamoja, wala jibu la lile la kwanza halikupata kuwa jibu la lile la pili.

Nchi yenyewe ni ya namna mbili. Masasi ni tambarare ya miombo, yenye milima ya mawe matupu iliyosimama peke yake kama visiwa, nayo yashuka kusini mpaka mto Ruvuma. Huko ndiko kwa tembo, nyati, pofu, palahala, simba na chui. Newala i juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali pasipo mto wala kijito, ambapo kwa vizazi vingi wanawake waliteremka bondeni kuteka maji na kupanda nayo tena. Uwanda huo umefunikwa na kichaka kizito kisichopitika ila kwa vijia. Wanyama wake ni wadogo: funo, paa, sengi, tumbili, na zaidi ya wote nguruwe mwitu. Sheria iliyotungwa kwa kumwangalia tembo ilifika juu ya uwanda huu ikawakuta watu ambao adui yao wa kila usiku alikuwa nguruwe.

Kabla ya sheria hizo kulikuwa na desturi. Wamakua walisifiwa kwa uwindaji wa tembo, na Wayao walipeleka pembe Kilwa kwa misafara mikubwa. Katika sehemu nyingi kati ya Zambezi na Ruvuma pembe iliyogusa ardhi tembo alipoanguka ilikuwa haki ya mkuu wa nchi, na ile ya juu ikawa ya mwindaji. Desturi hii yastahili kuangaliwa, kwa kuwa yaonyesha kwamba mnyama hakuwa mali isiyo na mwenyewe, kama ilivyodhaniwa na wageni wengi. Alikuwa na mwenyewe, lakini umiliki huo ulianza alipokufa. Alipokuwa hai alikuwa jirani wa kuogopwa au kuviziwa. Wanyama wadogo walinaswa kwa mitego ya kamba, kwa nyavu zilizotandazwa na watu wengi pamoja huku mbwa wakifukuza, na kwa rima, yaani shimo lililofunikwa majani. Kazi ya nyavu na ya marima haikuwa uwindaji wa kitoweo peke yake. Ilikuwa pia kazi ya shamba, sawa na palizi. Mazao yalipokaribia kuiva mwenye shamba alijenga dungu, akalala juu yake, akapiga makelele na kuwasha moto. Na ndege walikuwa na waamizi wao mchana.

Askofu Edward Steere alipowaleta watumwa waliokombolewa toka Unguja mwaka 1876, akawaacha Masasi badala ya kuwafikisha Ziwa Nyasa kama ilivyokusudiwa, walowezi hao walilazimika kujifunza desturi hizo kwa jirani zao. Steere mwenyewe akumbukwa na wasomaji wa jarida la namna hii kwa sababu nyingine, ndiyo sarufi yake na tafsiri zake. Kuhusu tafsiri, kuna jambo dogo la kuchekesha kidogo. Mnyama mwenye pembe za matawi atajwaye katika Zaburi hayumo kabisa katika nchi hizi. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 wakampa jina la ayala, neno la asili ya Kisemiti. Msomaji wa Masasi, aliyemjua kulungu na tandala kwa sura na kwa ladha, alipewa kanisani mnyama asiyeweza kuonekana, wala kuwindwa, wala kula mtama wa mtu. Yaelekea huyo ndiye mnyama wa pekee aliyepata kuishi kwa amani na wakulima wote wa wilaya.

Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya kulinda wanyama katika Afrika Mashariki ya Kidachi, ikataka leseni kwa uwindaji wa wanyama wakubwa na kutenga maeneo yasiyowindwa, moja katika nchi ya Rufiji. Miaka minne baadaye, Mei 1900, wajumbe wa mataifa ya Ulaya yenye makoloni walitia sahihi mkataba huko London juu ya wanyama wa Afrika. Mkataba huo haukupata kutekelezwa kama ulivyoandikwa, lakini mawazo yake yaliingia katika sheria za makoloni mengi, na kwa mkulima wa kusini mambo yake mawili ni makubwa. La kwanza, ulitaka matumizi ya nyavu na marima yazuiwe kadiri iwezekanavyo. La pili, katika orodha zake wanyama waharibifu wa kupunguzwa walikuwa simba, chui, fisi, mbwa mwitu, nyani, mamba na nyoka wenye sumu. Nguruwe wa namna mbalimbali hawakuwamo humo, bali waliwekwa kati ya wanyama wa kuuawa kwa kiasi kidogo tu. Waliokaa mezani huko London walimwona nguruwe kwa jicho la mwindaji wa bunduki, aonaye ndani yake windo zuri la asubuhi.

Jinsi jambo hilo lilivyowagusa watu yajulikana zaidi kaskazini kuliko Masasi. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997, alieleza kwamba katika Uzaramo wanaume waliondolewa mashambani kwa kazi za Serikali na za walowezi, na nguruwe wakaingia mahali pa ulinzi uliopungua. Njaa ikafuata, na vita vya Maji Maji vikaja juu ya njaa hiyo. Habari za Uzaramo hazithibitishi habari za Masasi, na haifai kuzihamisha kama zilivyo. Hata hivyo, vita vilipofika Masasi Agosti 1905 na misheni ikateketezwa, vilikuta nchi yenye mashamba yale yale, nguruwe wale wale na sheria ile ile. Baada ya vita Wadachi walizidi kuwanyima watu bunduki na baruti. Mlinzi wa dungu akabaki na mkuki, mbwa na sauti yake.

Mwaka uliofuata, 1906, Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi akakaa Newala kwa muda mrefu. Kati ya mengi aliyoandika, alitambua kwamba kichaka cha Makonde hakikuwa msitu wa asili. Kilikuwa kimeota juu ya mashamba ya zamani: watu walifyeka, wakalima miaka michache, wakahama, na kichaka kikarudi kizito kuliko kwanza. Clement Gillman aliandika juu ya jambo hilo hilo mwaka 1945, akielezea jinsi mkulima wa Makonde anavyoupumzisha mchanga wake kwa kuuachia kichaka. Hapo pana fundo la habari nzima ya Newala. Kichaka kile kile kinachoirudishia ardhi nguvu ndicho maficho ya nguruwe, na anayekifuga kichaka kwa faida ya shamba la mwaka wa kumi amemfuga pia mla shamba la mwaka huu. Wazee walikuwa na dawa ya tatizo hilo, yaani nyavu na watu wengi. Misitu ya hifadhi iliyotengwa katika miteremko ya uwanda ilihifadhi miti na ardhi isiporomoke, na sababu zake zilikuwa njema. Lakini mpaka wa msitu ni mpaka wa mtu tu, nguruwe hausomi.

Zamani za Waingereza zilianza na C. F. M. Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama kuanzia 1919, na sheria mpya ya mwaka 1921. Idara hii ilikuwa na kazi mbili zilizopingana: kuhifadhi tembo na kumwua tembo aingiapo shambani. Katika Jimbo la Kusini kazi ya pili ilikuwa kubwa sana. Mwaka 1933 aliingia idarani C. J. P. Ionides, aliyekaa Liwale na kuwa mmoja wa waliolikuza pori la Selous. Katika miaka ya 1940 watu wa sehemu kubwa ya Liwale walihamishwa kwa sababu ya malale, na nchi waliyoiacha ikaongezwa katika pori. Ionides aliliona jambo hilo kuwa jema. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, asiyejificha nyuma ya maneno: alitaka tembo wawe na kwao na watu wawe na kwao. Baadaye alijulikana zaidi kwa nyoka, akawakamata kwa mamia, pamoja na wale wa vichaka vya Newala, na watu wakambadilisha jina kutoka Bwana Nyama kuwa Bwana Nyoka. Pori lenyewe walikwisha kulipa jina lao, Shamba la Bibi, wakisema kwamba Kaisari wa Wadachi alimzawadia mkewe. Kama hadithi ni ya kweli au si ya kweli si kitu. Jina lasema wazi kwamba lile nalo ni shamba, na mwenyewe yuko mbali.

Neno rasmi lililokaa ni pori la akiba. Akiba ni kitu kilichowekwa kwa haja ya kesho, na mtu husema akiba yangu, akiba yetu. Masasi ya zamani ilipata mapori mawili ya namna hiyo: Msanjesi, na Lukwika-Lumesule lililo kando ya Ruvuma katika sehemu ambayo sasa ni wilaya ya Nanyumbu. Ng'ambo ya mto ni pori la Niassa la Msumbiji, na tembo wamevuka huko na huko tangu kabla ya mpaka kuwekwa. Njia yao toka Selous kupitia Liwale, Nachingwea na Masasi huitwa siku hizi ushoroba. Ni neno zuri la Kiswahili cha majumbani, njia nyembamba kati ya nyumba na nyumba. Na kwa kweli ndivyo njia hiyo ilivyo, maana pande zote mbili kuna watu waliolala.

Katika miaka ya 1970 wakulima wa uwanda walikusanywa katika vijiji vikubwa vya ujamaa. Mikorosho ilibaki ilikokuwa. Zao la korosho la nchi nzima, lililofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74, lilianguka katika miaka kumi na mitatu mpaka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, bei na ugonjwa wa ubwiri unga zikiwamo. Lakini umbali toka nyumba hadi shamba ulikuwa mojawapo. Shamba lililo mbali na nyumba halina mlinzi, na lisilo na mlinzi huwa kichaka. Tena kwa Waislamu, ambao ni wengi juu ya uwanda, nguruwe si kitoweo: kumwinda ni kazi isiyo na ujira, ifanywayo kwa ajili ya muhogo tu. Hata sheria ingemruhusu kila mtu kumwua, ruhusa peke yake isingemtoa mtu kitandani.

Kwa hiyo mkulima akarudi dunguni, na hapo ndipo jambo la nguruwe na jambo la simba lilipokutana. Craig Packer na wenzake walichapisha mwaka 2005 hesabu ya watu waliovamiwa na simba Tanzania tangu 1990: waliouawa walikuwa 563, waliojeruhiwa 308 kwa uchache, wengi wao katika nchi za kusini-mashariki. Walionyesha kwamba mashambulio yaliongezeka majira ya mavuno, na mahali palipopungukiwa na wanyama wa kawaida wa simba lakini penye nguruwe wengi. Nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na mtu amelala kati yao katika kibanda cha nyasi. Wawindaji walipowamaliza swala na pofu kando ya vijiji walimwachia simba windo moja, nalo lilikuwa likila shambani.

Sheria ya mwaka 2009 ya kuhifadhi wanyamapori na kanuni zake za mwaka 2011 ziliingia katika swali la mkulima kwa mara ya kwanza kwa maneno yaliyo wazi. Mtu aliyeharibiwa mazao na mnyama hatari angepewa kifuta jasho. Aliyefiwa au kujeruhiwa angepewa kifuta machozi, shilingi 1,000,000 kwa kifo. Maneno haya yalichaguliwa kwa uangalifu. Fidia hudaiwa kwa mwenye kosa, na anayelipa fidia amekiri kuwa mnyama ni wake kwa hasara kama alivyo wake kwa faida. Kifuta jasho hakidaiwi. Hutolewa, kama mkeka hutolewa kwa mgeni. Malipo ya mazao yalihesabiwa kwa ekari, yasizidi ekari tano, na yalipungua kadiri shamba lilivyokaribia mpaka wa hifadhi, hivi kwamba mwenye dungu aliye jirani zaidi na pori ndiye aliyefutwa jasho kidogo kuliko wote.