Hofu ya Moyo Mkubwa

Mwaka 1867 daktari mpasuaji wa London, F. C. Skey, aliandika katika gazeti la The Times kwamba mashindano ya makasia kati ya Oxford na Cambridge yanawaharibia vijana afya. Daktari John Morgan, ambaye ujanani alipiga makasia Oxford, aliwafuatilia washindani wa tangu 1829 hadi 1869. Kitabu chake cha 1873 kilionyesha kwamba kwa wastani waliishi kupita makadirio ya kampuni za bima.

Hofu kuhusu mioyo ya watoto ilidumu kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1879 Mjerumani Beneke alichapisha vipimo vya moyo na mishipa mikubwa ya damu. Wakati wa kubalehe, ujazo wa moyo ulionekana kuuacha nyuma mbali mzingo wa mishipa hiyo. Ikaaminika kwamba moyo wa kijana husukuma damu kwenye njia nyembamba mno, na vitabu vya kiada vikarithishana onyo hilo kwa zaidi ya nusu karne. Peter Karpovich alilivunja nchini Marekani mwaka 1937. Mzingo ni urefu, na urefu hauwezi kukua kwa kasi ya ujazo hata kama kila kiungo kinakua sawasawa. Kinachopitisha damu ni eneo la tundu la mshipa, na hilo liliendana na moyo. Inasikitisha kwamba kosa la hesabu liliogopesha walimu na wazazi kwa muda wote huo.

Kwa watu wazima, Salomon Henschen wa Uppsala alikuwa ameshagundua mwaka 1899, kwa kugonga vifua vya wanamichezo wa skii na kusikiliza, kwamba mioyo yao ilikuwa mikubwa. Aliiona kuwa ni nguvu, si ugonjwa. Moyo kama huo hutoa damu nyingi kwa kila pigo, ndiyo maana hupiga polepole mwenyewe anapopumzika.

Swali gumu ni unene wa kuta za moyo, kwani upo pia ugonjwa wa kurithi unaonenepesha misuli ya moyo na kuweza kumuua kijana ghafla uwanjani. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza waliwapima kwa mawimbi ya sauti vijana 720 wa michezo ya ushindani, wengi wa miaka 14 hadi 18. Watatu tu walikuwa na ukuta uliozidi milimita 12, na chumba cha kushoto cha mioyo yao kilikuwa kimepanuka pia. Katika ugonjwa ule, chumba hicho kwa kawaida hubaki kidogo.