Adabu za mezani hazikuletwa na uma

NIMEALIKWA mara kadhaa kwenye karamu za kuwafunza wanafunzi wanaokaribia kufuzu adabu za mezani. Mkufunzi huwaonyesha uma ushikwe mkono upi na kisu kilazwe vipi. Sina neno na mafunzo hayo. Kijana anayetafuta kazi atayahitaji. Kinachonikera ni dhana kwamba eti kabla ya uma hatukuwa na adabu.

Hebu tuanze na maneno yenyewe. ‘Meza’ tuliipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. ‘Adabu’ ni ya Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia neno la lugha hiyo lenye maana ya karamu. Tabia njema na mlo, basi, ni jamaa wa damu.

Waswahili walikula mkekani wakizunguka sinia. Kijana alifunzwa kunawa, kutaja jina la Mungu, kutumia mkono wa kulia na kula cha mbele yake, asiparamie kitoweo kilicho upande wa mwenzake. Methali ‘Ukila na kipofu usimguse mkono’ imetoka papo hapo, kwenye chombo kimoja kinacholiwa na wengi.

Nao Wazungu je? Mwaka 1530, Erasmus aliwaandikia watoto kitabu cha adabu, akawaonya kuwa ni ushenzi kulamba vidole vyenye mafuta au kuvipangusia nguoni. Yaani walikula kwa mkono kama sisi! Mwingereza Thomas Coryat, katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1611, anasimulia alivyouona uma Italia akauiga. Aliporudi kwao, rafiki yake alimtania kwa neno la Kilatini ‘furcifer’: mbeba uma, lakini pia mhuni. Leo asiyejua kuushika uma ndiye anayeitwa mshamba.

Kutumia uma ni ustadi, na ustadi hufunzwa kwa jioni moja. Adabu ni kumfikiria unayekula naye. Ningependa karamu hizo ziandaliwe na sinia pia. Vijana wengi wa mjini, kila mmoja na sahani yake na simu yake, wataona kwamba kula cha mbele yako, ukimwachia mwenzio chake, ni somo gumu kuliko la kisu na uma.