MP3, Redio ya Kijapani na Kanda ya Babu

Wiki jana kijana mmoja ofisini aliniuliza kwa nini magari mengi yanayotoka Japani yana redio ambayo "haifiki" stesheni zote. Nilidhani nitamjibu kwa dakika mbili. Nikajikuta nimeongea nusu saa, nimezunguka kutoka Tokyo hadi Kakamega na kurudi. Nimeona afadhali niyaandike hapa, maana ni historia ambayo wengi wetu tumeipitia bila kujua kwamba tunaipitia. Wale mnaopenda mambo ya nyaya mtafurahi. Wale msiopenda, vumilieni kidogo, kuna hadithi ya babu yangu humu ndani.

Tuanze na kanda.

Kampuni ya Philips ilionyesha kanda ya kaseti kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1963. Mwaka huo huo ndio aliofariki George Mukabi, mpiga gita wa kwetu Kisa, mmoja wa wale waliofanya mtindo wa omutibo ujulikane nje ya Magharibi. Nyimbo zake zilitoka kwenye santuri, na santuri si kitu cha kupanda nacho gari, hasa katika barabara zetu. Kanda ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilitoshea mfukoni, haikuruka gari likiingia shimoni, na la maana zaidi, mtu wa kawaida aliweza kurekodi mwenyewe.

Wasomaji vijana huenda wasielewe jambo hili lilikuwa na uzito gani. Redio nchini ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya, ambayo ilibadilishwa jina mwaka 1989 ikawa KBC. Stesheni za FM za watu binafsi tulianza kuzisikia katikati ya miaka ya 1990. Capital FM ya Nairobi, kwa mfano, ilianza 1996. Kabla ya hapo dereva alikuwa na mambo mawili: asikilize alichochaguliwa, au atie kanda yake.

Baba alikuwa na Peugeot 504 yenye redio ya kanda. Alikuwa pia na kanda moja ya dakika 60 ambayo hatukuruhusiwa kuigusa. Upande wa pili ulikuwa na nyimbo zilizorekodiwa kutoka redioni, huku mtangazaji akiingilia kila mwisho wa wimbo. Upande wa kwanza ulikuwa na sauti ya babu, iliyorekodiwa nyumbani Khwisero siku ya Krismasi mwaka 1986, akieleza kwa Kiluhya cha Kisa jinsi ukoo wetu ulivyofika pale, na nani alimzaa nani. Babu alifariki miaka miwili baadaye.

Siku moja redio ya Peugeot iliila ile kanda. Kila aliyetumia kanda anajua maana ya neno "kula": sauti inalegea kama mlevi, halafu kimya, halafu unavuta utepe uliojikunja kama matumbo ya kuku. Baba aliukata sehemu iliyoharibika, akaunganisha kwa selotepu, akairudisha kwa kuzungusha kalamu. Ilicheza. Lakini babu alipofika mahali pa kutaja majina ya mababu, aliruka kutoka jina la tatu hadi katikati ya sentensi nyingine kabisa. Kuanzia siku hiyo baba hakuitia tena ile kanda katika mashine yoyote. Ilikaa kabatini karibu miaka kumi na tano.

Wakati kanda yetu imelala kabatini, dunia ilikuwa inahama. Sony ilikuwa imetoa Walkman mwaka 1979 na kichezea CD cha kubebeka mwaka 1984. Watu wakaanza kuuliza swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: muziki ninao mkononi, spika nzuri ziko kwenye gari, na redio ya gari haina tundu la kuingizia waya. Nifanyeje?

Jibu la kwanza lilikuwa ujanja ninaoupenda hadi leo, adapta ya kanda, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1980. Kwa nje ni kanda yenye mkia wa waya. Ndani hakuna utepe. Kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachotazamana na kichwa cha redio. Umeme wa sauti ukipita humo, sumaku hupanda na kushuka, na redio husoma sumaku hiyo ikidhani utepe unapita. Meno ya plastiki huzunguka tu ili mashine isifikiri kanda imekwisha. Kwa lugha yetu ya programu, huo ni udanganyifu unaoheshimu mkataba: redio ilitaka kitu chenye umbo hili na sumaku mahali hapa, ikapewa.

Jibu la pili lilikuwa kuwa stesheni. Unachukua transmita ndogo ya FM, unaichomeka kwenye kiwashio cha sigara, unaunganisha MP3 yako, unachagua masafa yasiyo na mtu, na redio inakupokea kama inavyompokea mtangazaji yeyote. Nchi nyingine hazikuupenda ujanja huu. Uingereza ilivihalalisha vifaa hivyo Desemba 2006 tu, tena kwa nguvu isiyozidi nanowati 50, kiasi kisichotosha kumsumbua jirani kwenye foleni.

Desemba hiyo hiyo nilikuwa njiani kutoka Nairobi kwenda nyumbani, na transmita ya aina hiyo ikiwa ndani ya begi.

Likizo ya nyuma yake nilikuwa nimemwomba baba ile kanda. Ilichukua siku tatu kumshawishi. Niliicheza mara moja tu kwenye kinasa sauti cha kuazima, waya kutoka tundu la visikizio hadi kwenye kompyuta, Audacity ikirekodi. Saa nzima ya sauti isiyobanwa ilinila karibu megabaiti 600. Kwa MP3 ya kilobiti 128 ilishuka hadi chini ya 60, ikaingia kwenye kichezea changu cha megabaiti 128 na nafasi ikabaki. Nikapanga nimpe baba zawadi ya Krismasi: sauti ya baba yake, kwenye gari lake, bila kanda yoyote kuliwa.

Shida ni kwamba Peugeot ilikuwa imeshauzwa. Baba alikuwa na gari dogo lililotumika Japani, kama nusu ya Kenya. Kumbukeni wakati huo sheria ilikuwa tayari imeweka kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika, kwa hiyo yaliyoingia yalikuwa ya kisasa kiasi. Redio yake ilikuwa na mdomo wa CD na mdomo wa MiniDisc, ile diski ndogo ya Sony ya mwaka 1992 ambayo Wajapani waliipenda na ambayo sijawahi kuiona ikiuzwa Kakamega. Mdomo ule haukuwahi kula chochote maisha yake yote hapa nchini. Kila ukiwasha gari mwanamke alikukumbusha kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Mdomo wa kanda haukuwepo, kwa hiyo adapta ya kanda haikuwa na pa kuingia. Ikabaki transmita.

Nikaichomeka, nikaiweka 88.1, redio nikaiweka 88.1. Nikasikia stesheni ya watu wengine, na chini yake, mbali sana, kitu kama mtu anayeongea chumba cha pili. Nikajaribu 88.5. Nikajaribu 89.3. Baba alikuwa ameketi kiti cha abiria, ameshika kofia yake magotini, anangoja.

"Labda imeharibika," akasema kwa upole.

Sasa hapa ndipo historia ya Japani inapoingia ndani ya gari la mzee wa Khwisero. Sisi, kama Ulaya na sehemu kubwa ya dunia, tunatangaza FM kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani waliipa FM megahezi 76 hadi 90, kwa sababu kuanzia 90 hadi 108 waliweka chaneli ya 1, 2 na 3 za televisheni. Ulikuwa uamuzi wa ndani wa nchi yao na hauna ubaya. Lakini redio zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi hiyo zilisimama 90, na magari yalipoletwa kwetu kwa maelfu, uamuzi ule ulisafiri nayo ndani ya meli. Gari likishuka Mombasa lilikuwa kiziwi kwa karibu stesheni zote za Kenya.

Mafundi wetu hawakungoja mtu awasaidie. Walifunga kisanduku kidogo kinachoitwa ekspanda, kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Ndani kina kioo cha kwazi kinachotetemeka kwa kasi isiyobadilika, na saketi inayochanganya mtetemo huo na mawimbi yanayoingia. Matokeo ni kutoa: kila stesheni inashushwa kwa kiasi kile kile, iingie katika dirisha ambalo redio ya Kijapani inaweza kuona. Kuna za kushusha 10, kuna za 14, kuna hata za 20. Ndiyo maana ukiwa Nairobi, Capital FM inasema yenyewe ni 98.4, na gari lenye ekspanda ya 14 linaandika 84.4. Baba alikuwa amezoea. Kwake namba za redio zilikuwa kama majina ya utani.

Mimi, mtaalamu wa kompyuta wa familia, sikuwa nimeliwazia hilo hata kidogo. Nilikwenda kwa fundi wa redio karibu na steji mjini Kakamega. Aliniangalia kwa huruma. "Kijana, hii ekspanda ni ya kumi na nne. Hapo ulipoweka transmita, redio haipaangalii. Toa kumi na nne."

Ilikuwa aibu, maana hilo ni kosa ninalolirekebisha kila wiki kazini: pande mbili zinahesabu kutoka mahali tofauti. 88.1 kutoa 14 ni 74.1, na redio ile inaanzia 76. Niliyokuwa nikiyasikia kwa mbali yalikuwa mawimbi yaliyovuja pembeni ya kile kisanduku. Nikaiweka transmita 103.3 na redio 89.3.

Babu akaongea.

Siku iliyofuata tulikuwa tunakwenda Kisumu kumpokea senje, dada yake baba. Tulimsikiliza babu kutoka Kakamega, tukapita jiwe la Ilesi, Khayega, Chavakali. Baba hakusema neno. Tulipofika ile sehemu iliyokatwa, babu alitaja jina la tatu, akaruka. Na baba, bila kugeuka, akataja la nne. Akataja la tano. Akaendelea mpaka la tisa, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani.

Nilisimamisha gari. Kile kichezea changu, kama vingi vya bei nafuu vya siku hizo, kilikuwa na maikrofoni ndogo. Nikamwomba arudie. Akarudia. Wakati wa kurudi tukamchezea senje zote mbili, ya babu na ya baba, na senje akiwa kiti cha nyuma akasema, "Wewe umemweka mdogo mbele ya mkubwa. La sita na la saba, badilisha." Wakabishana kuanzia Kiboswa hadi Mbale. Nilirekodi hata mabishano.

Yaliyofuata mnayajua. iPod, iliyotoka 2001, iliwalazimisha watengenezaji wa magari wafungue mlango. BMW walikuwa na kiunganishi chake kufikia 2004, na tundu la kawaida la waya likaanza kuonekana katika magari ya bei ya chini. Mafundi wa kwetu walikuwa wakilitengeneza wenyewe kwa kuchomelea waya kwenye kitufe cha sauti. Zikaja redio za bei nafuu zenye USB, na vibanda vya kujaziwa nyimbo kwenye flashi. Halafu Bluetooth. Mwaka 2016 iPhone 7 ilitoka bila tundu la visikizio, mlango ukafungwa tena upande wa simu. Japani walizima televisheni ya analojia kati ya 2011 na 2012, na kuanzia Desemba 2014 FM yao ikaanza kupanda hadi 95. Sony waliacha kutengeneza MiniDisc tupu Februari 2025. Na ekspanda bado zinafungwa Kenya.

Kwa hiyo, kijana wa ofisini, jibu lako ni hili. Redio ya gari lako si mbovu. Inatii uamuzi uliofanywa na watu ambao hawakukufikiria, na hawakuwa na sababu ya kukufikiria. Ukitaka kujua ekspanda yako ni ya ngapi, tafuta stesheni unayoijua namba yake, toa namba inayoonyeshwa na redio, umepata. Na wewe unayeandika programu, acha tundu moja la kawaida, lisilo na masharti, kwa ajili ya mtu wa mbali usiyemjua. Atalihitaji kwa kitu ambacho hukukiwaza.

Kanda ya babu bado iko kabatini. Utepe umeanza kumwaga unga wa kahawia, sidhani kama itacheza tena. Baba alitutoka mwaka 2015, senje miaka miwili baadaye. Kwenye faili ninayo majina tisa, la sita na la saba katika mpangilio wa senje, na kelele za lori likipita. Kama kuna kanda ya namna hiyo kwenu, usingoje Krismasi.