Namba Zilizolala Daftarini Virginia

Tangu enzi za ukoloni wa Waingereza, hati za ardhi huko Virginia, Marekani, hutunzwa na karani wa mahakama ya kaunti, na yeyote ana ruhusa kuzisoma. Sababu ilikuwa ya maana. Kiwanja kinachouzwa kwa siri huweza kuuzwa mara mbili. Mnunuzi alifungua daftari akaona nani aliuza na nani aliweka rehani, ndipo akatoa fedha zake.

Uwazi huo ulikuwa na ulinzi ambao hakuna sheria iliyoutaja: safari. Aliyetaka habari za mwenzake ilimbidi afike mahakamani, aombe daftari na kulipekua. Mwaka 1989, katika kesi ya kumbukumbu za uhalifu zilizokuwa mikononi mwa FBI, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikiri kwamba habari zilizotawanyika ofisi mbalimbali si sawa na habari hizo hizo zikikusanywa pamoja.

Kisha makarani wa Virginia wakaanza kuweka hati mtandaoni, na kwa ada ndogo mtu akaweza kuzisoma akiwa nyumbani kwake. Ndani yake zilikuwamo saini, na katika nyingi za zamani, namba za hifadhi ya jamii. Kwa Mmarekani, namba hiyo ikishikwa na tapeli, mkopo huchukuliwa kwa jina lake naye hana habari.

Bi Betty Ostergren wa Kaunti ya Hanover hakunyamaza. Mwaka 2003 alifungua tovuti ya kupinga mpango huo, na baadaye akachapisha humo hati halisi, zikiwamo za wabunge na makarani, namba zao zikiwa wazi. Hatua ile ilikuwa kali, na kwa maoni yangu ilihitajika: viongozi walionja hatari waliyokuwa wamewaachia raia.

Mwaka 2008 jimbo likabadili sheria ili hata anayesambaza namba alizozitoa kwenye kumbukumbu za umma aadhibiwe. Bi Ostergren akaenda mahakamani. Tarehe 26 Julai 2010, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nne ikaamua kwamba Katiba inamlinda: Virginia haiwezi kumwadhibu kwa kuonyesha hati ambazo yenyewe inaziweka hadharani bila kuziba namba. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Wajibu wa kuziba namba ulikuwa wa serikali tangu siku hati ya kwanza ilipopandishwa mtandaoni.