Kikomo cha Mkopo

Miongoni mwa istilahi za benki ambazo Kiswahili kimelazimika kuzitafutia libasi katika zama hizi za kadi na simu, hapana, kwa rai yangu, iliyo nyepesi mdomoni na yenye kuficha mengi kama ile inayotaja kiasi ambacho mwenye kadi ya mkopo ameruhusiwa kukifikia asikivuke. Matangazo ya benki huiita kikomo cha mkopo. Wengine husema ukomo. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wamekwisha kata shauri wakaiita limiti. Na huku kwetu Rumonge, nchini Burundi, ambako karani wa benki amesomeshwa kwa Kifaransa, utasikia plafo, neno ambalo kwa Wafaransa wenyewe ni dari ya nyumba.

Kadi za mkopo zingali adimu katika ufuo huu wa Tanganyika, walakini jambo lenyewe si geni hata kidogo. Ndagala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi ukipevuka mwanga wa taa hauwavuti tena samaki, nyavu zikaanikwa na mifuko ikakauka. Ndipo mke wa mvuvi aingiapo dukani akachukua unga, sabuni na chupa ya mawese, na mwenye duka akayaandika hayo katika daftari lililochakaa pembe. Siku ya siku hupiga mstari kwa kalamu chini ya jumla, akasema kwa upole, "Mama, mstari wako umefika, tuonane giza likirudi." Mstari ule ndio kikomo cha mkopo, wala hakuupiga kwa kubahatisha, maana anaujua mtumbwi wa mumewe, anajua ulivua nini mwezi uliopita, na yamkini anajua pia deni lake katika duka la jirani.

Wazee wa lugha walipambanua vyema kati ya kuazima na kukopa: wavu huazimwa, ukarudishwa wavu ule ule, bali petroli hukopwa, kwani iliyokwisha kuwaka hairudi na anayelipa hulipa mfano wake. Atoaye cha kuazimwa hukitazama kile kitu. Atoaye cha kukopwa hana budi kumtazama mtu. Ndiyo maana neno la kale itibari, ambalo leo tunalisikia kwa nadra, lingefaa sana katika muamala huu, maana ndani yake mna kuaminiwa na kuhesabiwa kuwa mtu wa kuaminika. Kwa itibari ya namna hiyo Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, alimpa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Tippu Tip, bidhaa za kuingilia bara, naye akazilipa kwa pembe za ndovu zilizochukua miaka kufika pwani. Biashara ya Ujiji, jirani zetu wa kusini katika ziwa hili, ilisimama juu ya mikopo ya Unguja, na aliyepewa shehena kubwa kuliko alivyotaraji alijua kwamba tajiri amepiga hesabu ya pembe, wala hakumtunuku.

Hesabu iliachana na kumjua mtu mwezi wa Septemba 1958, pale Bank of America ilipopeleka kadi kwa watu 60,000 wa mji wa Fresno, katika jimbo la California, ambao hawakuziomba, kila kadi ikiwa na ruhusa ya kukopa dola 300 hadi 500. Wengi hawakulipa, wezi wakazipora kadi katika masanduku ya barua, benki ikapata hasara kubwa. Na mwaka 1970 sheria ya Marekani ikakataza kupeleka kadi kwa asiyeomba. Biashara yenyewe, hata hivyo, haikufa, bali ilijifunza kupima.

Upimaji huo umewafikia watu wetu kwa njia ndefu. Machafuko ya 1972, yaliyoanzia Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili, na mauaji makubwa yaliyofuata, yaliwavusha wengi hadi Tanzania, na kuanzia mwaka 2007 baadhi yao na watoto wao walichukuliwa wakakae Marekani. Mgeni wa namna hiyo hana daftari la kutazamwa. Hata kama amelipa madeni yake yote ufuoni kwa miaka thelathini, huko anahesabiwa hana historia, na kadi yake ya kwanza aghalabu huwa ya dola mia chache, pengine kwa kuweka dhamana ya fedha taslimu. Analipa kwa wakati, alama zake za ukopaji, ambazo huhesabiwa toka 300 hadi 850, zinapanda, kisha anaomba kadi nyingine akitaraji dola 1,000, na tuseme anaandikiwa kuwa amekubaliwa kwa dola 15,000. Anampigia mjomba wake simu Rumonge, na mjomba, ambaye amesikia tarakimu tu, anauliza, "Fedha hizo watakutumia lini, mwanangu?"

Swali la mjomba si la mjinga, na benki nayo ilijiuliza yake kabla ya kuandika tarakimu ile. Benki imetazama mapato ambayo mwombaji mwenyewe ameyaandika, kwani sheria ya Marekani ya 2009 inaitaka ipime uwezo wake wa kulipa. Imetazama madeni yake kwingineko. Kisha imejiuliza kama atatumia, na kama akitumia atalipa yote mwisho wa mwezi au atalipa kidogo kidogo. Wa kwanza huifaidisha benki kwa ada inayoipata kutoka kwa wenye maduka. Wa pili huifaidisha kwa riba, ambayo kupita asilimia 20 kwa mwaka si ajabu huko, hata deni la dola 1,000 kwa asilimia 24 huzaa kama dola 20 kila mwezi. Kwa Mwislamu wa Rumonge suala ni zito zaidi, maana alipaye yote kwa wakati huepukana na riba yenyewe, ilhali mkataba aliotia saini umekwisha kuitaja.

Sasa turudi kwenye istilahi. Dari siipendi: iko juu ya kichwa, nayo humfanya mtu adhani kuikaribia ni kupanda daraja. Neno hadi nalo limekwisha kuwa kihusishi, halisimami tena peke yake kwa watu wengi. Kikomo, kitokacho katika kukoma, ndicho bora, kwa sharti tusiseme kimepandishwa, kwani mahali pa kukomea hapapandishwi, husogezwa. Watu wa biashara wamelihisi jambo hili: Vodacom ya Tanzania imeuita mkopo wake wa simu Songesha, na Safaricom ya Kenya ikauita wake Fuliza mwaka 2019, yaani endelea bila kusita, jina ambalo, likiwekwa kando ya kikomo, linakipinga waziwazi.

Ila hata kikomo hakisemi ni nani akomaye, na barua zote humwandikia mteja "kikomo chako" kana kwamba ni mali yake. Lau ningeombwa kumfasiria mjomba barua ile, ningeandika: "Benki iko radhi kukudai hadi dola 15,000." Karani hataipenda sentensi hiyo, nami simlaumu, kwani barua yake imeandikwa ili kadi itumike.