Kipilefti: amri iliyogeuka jina

Nilikuwa namfundisha Kiswahili kijana mmoja kutoka China, jirani yetu huku Segerea. Siku moja akaja na daftari, uso umekunjamana. “Mwalimu, konda kasema nishukie kwenye kipilefti. Nimetafuta ‘pilefti’, sijaiona.”

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Alikuwa ameng’oa ki- ili apate mzizi, kama nilivyomfundisha.

Nikamwambia ni Kiingereza hicho: keep left. Hapo ndipo nilipoharibu. Shuleni kwao alijifunza kwamba keep ni kutunza. Sasa kushoto unakutunzaje? Ikabidi nimpangie: keep the money, baki na hela, keep quiet, nyamaza, keep going, endelea, keep a promise, timiza ahadi. Wenzetu wana neno moja, sisi tunabadilisha vitenzi. Barabarani ni kushika upande wa kushoto, basi.

Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, na utawala wao ukatuachia kuendesha kushoto. Mwaka 1927 ikasimamishwa Sanamu ya Askari, ambayo hadi leo magari huizunguka. Kwenye mizunguko ya namna hiyo kibao kiliamuru: Keep Left. Watu wakaichukua amri wakaifanya jina la mahali. Na kwa kuwa inaanza na ki-, ikakaa pamoja na kitabu, ambacho nacho kilitoka Uarabuni: kipilefti, vipilefti. Ndivyo ilivyokuwa kwa mudguard pia. Ma- ikadhaniwa ni ya wingi, madigadi, likazaliwa digadi moja.

Kijana akafikiri kidogo. China magari yanapita kulia tangu 1946. “Kwa hiyo kwetu ni kipiraiti?”

Sikumjibu haraka. Nilikumbuka insha yangu ya darasa la sita, neno kipilefti limezungushiwa wino mwekundu, na mwalimu akisema mbele ya darasa kwamba hayo ni maneno ya stendi. Baba yangu alikuwa dereva. Kwa miaka kadhaa nilimsahihisha kila alipolitamka, naye alikuwa ananyamaza tu. Sikujua kwamba namsahihisha mtu ambaye sarufi yake ilikuwa sawasawa kabisa.

“Andika,” nikamwambia yule kijana. “Kipilefti. Wingi, vipilefti. Ngeli ya KI-VI.”

Akaandika.