Kutoka Mlingotini hadi Karakanani: Historia Fupi ya Istilahi za Kuinulia Mizigo

Bamba la chuma lenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na unene wa milimita 6 lina uzito wa kilo 136 hivi. Mafundi wawili wanaweza kulinyanyua kwa shida, lakini hawawezi kufanya hivyo kutwa nzima bila kuhatarisha vidole na migongo yao. Ndiyo sababu karakana nyingi za mabamba hufungwa winchi ya juu. Boriti ya chuma hulazwa juu ya nguzo zake yenyewe, kwa kuwa kenchi za paa zimekusudiwa kubeba bati tu. Kitoroli hutembea kwenye boriti hiyo, mnyororo huning'inia kutoka kwenye kitoroli, na mwishoni huwapo kibano kinachoshika ukingo wa bamba. Kibano hicho kimeundwa ili uzito wa bamba lenyewe ndio ukikaze.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu muhimu za mtambo huu zilikuwa na majina katika Kiswahili kabla karakana hazijajengwa, na kwamba kuyasahau majina hayo kuna hasara isiyokuwa ya lugha peke yake.

Mashine za kuinulia mizigo ni za kale. Wagiriki waliziita geranos, yaani korongo, bila shaka kwa kufananisha mkono wake mrefu na shingo ya ndege huyo. Na Wafaransa hata leo huiita grue, jina la ndege yule yule. Katika karne ya 1 K.K., Mroma Vitruvius alizieleza katika kitabu cha kumi cha kazi yake juu ya ujenzi, akazigawa kwa idadi ya magurudumu yanayopitiwa na kamba: yenye matatu ina jina lake, na yenye matano ina lake. Tuzingatie jambo hilo. Aliyetaja idadi ya magurudumu alikuwa ametaja pia nguvu ya mashine.

Mabaharia wa pwani yetu nao walifikiri vivyo hivyo. Katika jahazi, foromali inayobeba tanga ni nzito mno kuvutwa kwa kamba moja. Henza, ambayo ni kamba nene, hufungwa kwenye foromali, hupita juu ya roda kileleni mwa mlingoti, kisha hushuka upande wa pili. Mwisho wake huwa na gofia. Kamba nyembamba, jarari, huzungushwa kati ya gofia hiyo na abedari iliyofungwa ubavuni mwa chombo. Jarari ikivutwa, gofia husogea kuelekea abedari, na foromali hupanda. Mikondo ya jarari inayoivuta gofia ikiwa minne, mabaharia hutumia takriban robo ya nguvu, lakini hulazimika kuvuta kamba yenye urefu mara nne.

Maneno haya yamo katika kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, kazi iliyoongozwa na Frederick Johnson. Wala hayakuzaliwa yote hapa: roda ni neno la Kireno lenye maana ya gurudumu. Wahenga wetu hawakuona haya kulipokea, maadamu lilitaja kitu kimoja bila kukichanganya na kingine.

Huko Ulaya pia karakana iliirithi bahari. Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji makapi yapatayo 100,000 kila mwaka kwa ajili ya merikebu zake. Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Portsmouth, Marc Isambard Brunel alibuni mashine za kuyatengeneza, na Henry Maudslay akaziunda. Kufikia mwaka 1808 kiwanda hicho kilitoa makapi 130,000 kwa mwaka, na watu 10 walifanya kazi iliyohitaji mafundi 110. Mwaka 1854 Thomas Aldridge Weston alibuni winchi ya mnyororo yenye roda mbili za juu zilizoungana katika ekseli moja, zikitofautiana kidogo kwa ukubwa. Ikiwa nusu kipenyo ya moja ni sentimita 10 na ya nyingine ni 9, nguvu huzidishwa mara 20 kwa hesabu. Kwa vitendo, msuguano hula zaidi ya nusu ya jitihada. Lakini msuguano huo huo ndio unaozuia mzigo usishuke fundi anapoachia mnyororo.

Neno hilo, achia, ndilo lililonifundisha kazi yangu. Nilipewa kutafsiri maelekezo ya winchi ya namna hii, nikaandika: "Bamba likifika mahali pake, achia." Tulipoyajaribu karakanani, fundi mmoja mzee aliyasoma kwa sauti, akaniuliza: "Mwanangu, niachie nini? Mnyororo au bamba?" Sikuwa na jibu. Mnyororo ukiachiwa, mzigo hubaki juu. Kibano kikifunguliwa bamba likiwa bado linaning'inia, bamba huanguka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na mtafsiri, aketiye mezani, yu karibu kusahau nani atakayesimama karibu na mzigo.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Roda liwe gurudumu moja lenye mfereji. Na kapi liwe fremu pamoja na roda zake.

(b) Abedari liwe kapi la juu lisilopanda wala kushuka. Na gofia liwe kapi linalosogea pamoja na mzigo. Kwa sasa yote mawili huitwa winchi, jina ambalo pia hutumika kwa mtambo mzima, hata ule wa bandarini.

(c) Shusha litumike kwa mzigo, legeza kwa mnyororo, na fungua kwa kibano. Achia lisitumike kabisa katika maelekezo.

(d) Mzigo salama uwe uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, nao uandikwe kwenye boriti kwa kilo.

Huenda msomaji akapinga kwamba fundi wa bara hajawahi kuiona gofia. Ni kweli. Lakini hata aliyelizoea jina la winchi alifundishwa siku moja, na lililo gumu si kujifunza jina jipya bali kufanya kazi ya hatari kwa jina moja lenye maana tatu. Tunawaomba walimu wa ufundi wayajaribu maneno haya mbele ya mtambo wenyewe, kisha watuandikie ni yapi yaliyomfanya mwanafunzi aulize, "Niachie nini?"